Sanduku la umeme na hatua za mama yangu

Juma lililopita baada ya mkutano wetu, mama mmoja wa Kabondo alinivuta pembeni akaniuliza swali. Mume wake amepooza upande wa kushoto tangu mwezi wa tatu. Amesikia kwamba kuna mashine ya umeme inayowekwa kichwani, na mtu aliyepooza anaanza kutembea tena. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, wauze kile kipande cha kiwanja walicho nacho Lubunga ili wainunue?

Nilimjibu haraka haraka, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na kila mtu alikuwa anatafuta toleka ya kurudi nyumbani. Jibu langu halikuwa zuri. Swali lile lile liliingia nyumbani kwetu mwaka jana, likataka kututoa kiwanja sisi pia. Kwa hiyo leo naandika yote, polepole, kama yalivyotupata.

Mama yangu ana miaka 61. Anakaa Mangobo, na kwa miaka mingi alikuwa anauza mikate ya mafuta asubuhi mbele ya nyumba. Siku hiyo, mwezi wa tano, alikuwa anageuza mikate, mwiko ukamponyoka ukaanguka ndani ya mafuta. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kuume ukalegea, mguu wa kuume ukakataa. Alitaka kusema, maneno yakatoka kama ya mtoto mchanga.

Waliokuwa karibu walisema ametupiwa kitu. Mmoja alileta mafuta ya kumsugua, mwingine alitaka kwanza tumwite mtu wa kuombea. Mimi nilikuwa darasani. Nilipigiwa simu saa tatu, nikafika saa nne, na bado walikuwa wanasugua. Tulifika hospitali saa nane ya mchana. Naandika saa hizi kwa makusudi. AVC, yaani kiharusi, ni mshipa wa damu ulioziba au uliopasuka ndani ya kichwa, na sehemu ya ubongo inayokosa damu inakufa kidogo kidogo wakati watu wanabishana uani. Mdomo ukienda upande, mkono ukianguka, maneno yakichanganyika, ni hospitali mara moja. Kuombea kunaweza kufanyika njiani.

Tansiyo ilikuwa 21 kwa 12. Mama alikuwa na dawa zake za tansiyo, lakini aliziacha tangu Pasaka kwa sababu, alisema, “sisikii kitu.” Mimi binti yake, mwenye diploma, nilijua kwamba ameziacha. Mwezi ule nilikuwa nimelipa masomo ya watoto na sikuwa na pesa, nikanyamaza. Hilo silisemi mara nyingi.

Wako wanaosema AVC ni ugonjwa wa wazungu na wa matajiri. Ndugu zetu wa Tanzania walihesabu kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai huko Kilimanjaro na katika sehemu ya mji wa Dar es Salaam. Mashambani walipata wagonjwa wapya karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Mjini walipata karibu 316. Ni hesabu iliyochapishwa mwaka 2010, ikasomwa dunia nzima, na ni ya watu kama sisi, wanaopika kama sisi. Mjini ni karibu mara tatu. Tukumbuke hilo tunapotia kipande cha Maggi cha tatu ndani ya sufuria ya sombe.

Baada ya siku kumi na mbili mama alirudi nyumbani. Hapo ndipo kosa letu la pili lilianza, na lilikuwa kosa la upendo. Tulimbeba. Tulimbeba kwenda chooni, tulimlisha kwa kijiko, tulimgeuza kitandani, tulimwogesha akiwa amelala. Majirani walitusifu: tazama watoto wanavyomtunza mama yao. Binti ya dada yangu, mwenye miaka 13, aliachwa nyumbani mchana ili amsaidie Koko. Mimi nilikwenda kazini Makiso kila asubuhi, nikashika daftari ya mahudhurio, nikawa naandika watoto wa wengine wasiofika. Jina la mtoto wetu lilikuwa katika daftari ya mwalimu mwingine, majuma matatu mfululizo, halafu matano.

Kisha tukampata kine. Ni mzee mtaratibu, fundi wa mazoezi ya viungo, anayefika na toleka akiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Alianza kazi katika miaka iliyofuata vita vya siku sita vya mwezi wa sita 2000, wakati mji huu ulikuwa na watu wengi waliopoteza miguu kwa makombora. Siku ya kwanza hakumgusa mama. Alimtazama, akatutazama sisi, akauliza:

“Nani amemkataza mama huyu kusimama?”

Nilimwambia hawezi kusimama, ndiyo maana tunambeba.

“Mwalimu,” akasema, “wewe darasani unawafanyia watoto mtihani?”

Niliona haya. Alikaa kwenye kigoda akatueleza. Mguu wa mama haujafa, ni mzima. Kilichovunjika ni njia inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye mguu, kama daraja lililoanguka barabarani. Ubongo unaweza kufungua kijia kingine kando, lakini kijia cha msituni hakifunguki kwa sababu umekitamani. Kinafunguka kwa sababu watu wanapita, wanapita tena, kila siku. Kama hakuna anayepita, majani yanafunga. Kila mara tunapombeba mama, tunayaacha majani yafunge.

Basi tukaanza. Kwanza kukaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili chini. Kisha kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa tena, mara tano, baadaye mara kumi, asubuhi na jioni. Kisha kuegemea ule mguu mgonjwa, kwa sababu mtu aliyepooza anauhama mguu wake, anasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Kaka yangu alikata mianzi akatengeneza fito mbili za kushikilia uani, urefu wa mita nne. Kine alitufundisha kumfunga kikwembe kiunoni na kumshika hapo, wala si kumvuta kwa ule mkono uliolegea. Bega la mtu aliyepooza linatoka mahali pake upesi sana, na sisi tulikuwa tumemvuta kwa mkono huo majuma mengi. Kitambaa kingine kilifungwa kwenye mguu ili vidole visiburuze chini.

Siku ya kwanza ndani ya fito alipiga hatua sita, watu wawili wakimshika. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nilichukua chaki nikaandika 6 ukutani. Kesho yake 6. Kesho kutwa 9. Ukuta wa nyumba ya mama ukawa ubao.

Nataka kusimama kidogo hapa, kwa sababu mimi nilishangaa. Nilipokuwa nasoma ISP walitufundisha kwamba mtoto hajifunzi kuandika kwa kuelezwa herufi. Anaandika mstari mzima wa “a”, halafu mstari mwingine, na kila “a” inakosewa kwa namna yake mpaka mkono unakubali. Mama alikuwa anafanya hivyo hivyo, akiwa na miaka 61, na daftari lake lilikuwa udongo wa uani. Alikasirika kama watoto wanavyokasirika. Siku moja alimtukana kine kwa Kilingala, neno ambalo hatukulisikia kinywani mwake maisha yetu yote, na kine alicheka akasema: vizuri, maneno yanarudi.

Mwezi wa nne hivi alifika hatua mia moja. Kisha akakwama. Mia moja, tisini na nane, mia moja. Juma baada ya juma. Akaanza kukataa kutoka nje asubuhi. Akasema tumwache, amechoka, atakufa akiwa amekaa kama watu wengine. Huo ndio wakati mwenye sanduku alipokuja. Nadhani watu wa namna hiyo wananusa.

Alikuwa kijana safi, kalamu mfukoni. Sanduku lake lilikuwa na waya mbili zenye vipande vya mpira mwishoni. Alisema ni mashine ya kuamsha ubongo, hospitali za Ulaya zote zinaitumia, mara ishirini tu na mama atakwenda mwenyewe mpaka Soko Kuu. Bei: dola 900. Yaya, kaka yetu mkubwa, alikubali palepale. Baba alituachia kiwanja kidogo barabara ya Buta, na Yaya alikwisha kumpata mnunuzi kabla hata ya jioni. Sikumchukia. Alikuwa anamtazama mama yake amekaa akiutazama ukuta.

Shangazi yetu, mke wa mvuvi wa Wagenia, alituchekesha katika huzuni ile. Alisema: “Kama ni umeme, dola 900 za nini? Nunueni nina, mwekeni kichwani.” Nina mnamjua, yule samaki wa mto wetu anayepiga mkono mpaka begani. Tulicheka, lakini baadaye nilisoma kwamba daktari mmoja wa Warumi, Scribonius Largus, karibu miaka 2,000 iliyopita, aliandika kwamba mwenye maumivu ya kichwa awekewe samaki wa umeme wa baharini kichwani. Kwa hiyo shangazi si wa kwanza. Tafadhali lakini msimjaribu. Nina mkubwa anaweza kutoa mpaka volti 350, na haulizi ni ya kutibu au ya kuua panya.

Niliomba Yaya anipe siku nne. Mdogo wetu anayesoma Kampala alinitumia maandishi kwenye simu, mengine kwa Kifaransa, mengine kwa Kiingereza akiniandikia maana pembeni. Nilisoma usiku, na pale niliposhindwa nilimwuliza kine. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Jambo lenyewe si uongo. Kuna namna mbili kubwa za kusisimua ubongo bila kupasua kichwa. Ya kwanza ni ya sumaku. Mwaka 1985, mjini Sheffield huko Uingereza, Anthony Barker na wenzake walishika koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme kwa ghafla ndani ya koili, na sumaku iliyotokea ikapita fuvu bila maumivu ikaamsha ubongo. Mkono wa mtu ukaruka wenyewe. Ni mashine kubwa ya hospitali, inayohitaji umeme usiokatika na daktari anayeijua, kwa sababu mara chache inaweza kumletea mtu kifafa.

Ya pili ni ya umeme mdogo sana. Vipande viwili vya sifongo vilivyoloweshwa maji ya chumvi vinafungwa kichwani, na mkondo wa miliampea 1 au 2 unapita kwa dakika kama 20. Chaja ya simu yako inatoa mara mia tano ya hiyo, au zaidi. Umeme huo hauurushi mkono wala mguu. Mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba unaifanya tu sehemu ile ya ubongo iwe nyepesi kuamka, na kwamba wepesi huo unabaki dakika chache baada ya mashine kuzimwa. Mimi naufananisha na kuloweka maharagwe. Yaliyolowekwa yanaiva upesi zaidi, lakini hakuna aliyeloweka maharagwe akasema tayari amepika.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti kati ya maandishi na maneno ya kijana. Katika majaribio niliyosoma, umeme hauji peke yake. Mgonjwa anawekewa umeme halafu anatembea, au anawekewa akiwa anatembea, mara nyingi juu ya mkanda unaozunguka, huku amefungwa mishipi inayombeba sehemu ya uzito. Wanatumaini kwamba ubongo uliolainishwa utashika zaidi kila hatua. Hatua ndizo somo, na umeme ni kama kufungua madirisha ya darasa. Kijana wa sanduku hakutaja hatua hata moja.

Na je, inafaa? Wengine walipata kwamba waliowekewa umeme walitembea haraka kidogo kuliko wenzao. Wengine hawakupata tofauti. Makundi mengi yalikuwa madogo, watu makumi tu, na wakubwa waliokusanya majaribio yote pamoja hawajathubutu kuwaambia waganga wote wautumie kwa kutembeza watu. Kuna na sababu moja ya mwili ambayo kine alinichorea kwa chaki palepale ukutani, chini ya namba za mama. Sehemu ya ubongo inayoamrisha mkono iko kando ya kichwa, karibu na fuvu. Sehemu ya mguu imejificha katikati, ndani ya ule ufa unaotenganisha nusu mbili za ubongo. Umeme dhaifu unaotoka juu ya ngozi unaifikia kwa shida. Anayekuambia ataamsha mguu kwa kuweka mpira popote kichwani hajui mguu unakaa wapi.

Kitu kimoja kilinifurahisha kama mwalimu, nacho ni jinsi wanavyozuia udanganyifu. Katika majaribio hayo nusu ya wagonjwa wanafungwa sifongo zile zile, mashine inawashwa kwa sekunde chache mpaka wasikie mwasho, halafu inazimwa kimyakimya. Mgonjwa hajui. Mara nyingi hata anayempima hajui. Mwishoni ndipo wanafungua bahasha. Na mara kwa mara wale waliozimiwa nao wameendelea vizuri, kwa sababu nao walitembea kila siku, na kuna mtu aliyewapokea kila siku akawaambia leo umeongeza.

Halafu nikasoma lile lililomaliza mashaka yangu. Mwaka 2011 Wamarekani walitoa matokeo ya jaribio la watu 408 waliopata AVC, huko California na Florida. Kundi moja lilifundishwa kutembea juu ya mkanda wenye mishipi, mashine ya bei kali. Kundi lingine lilifanya mazoezi nyumbani, na kine aliwafuata huko: kusimama, kukaa, kuimarisha miguu, kushika mizani ya mwili, na kutembea kidogo kila siku. Mara 36, dakika 90 kila mara. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya watu, asilimia 52, walikuwa wamepanda ngazi katika kutembea kwao, na kundi la mashine halikuwashinda wale wa nyumbani. Nilisoma mara tatu kuhakikisha. Kisha nikatoka nje na taa ya simu nikazitazama fito za mianzi za kaka yangu.

Lakini nisije nikawadanganya kwa upande wa pili. Si kila bidii ya nyumbani inatosha. Huko India walijaribu kuwafundisha watu wa familia wafanye kazi ya mazoezi, katika hospitali 14, wagonjwa 1,250, na mwaka 2017 walisema hakukuwa na tofauti na wale waliopata huduma ya kawaida. Mimi nalielewa hivi: sisi wa nyumbani tunaweza kurudia somo, lakini lazima awepo anayejua kulibadilisha somo linapokuwa jepesi. Mama alikwama kwenye mia moja kwa sababu tulikuwa tunamrudisha ndani ya fito zile zile, udongo sawa, mita nne kwenda, mita nne kurudi. Alikuwa amemaliza kitabu cha kwanza, nasi tunamsomesha ukurasa wa kwanza. Na kine tulikuwa tumempunguza, kutoka mara mbili kwa juma mpaka mara moja kwa majuma mawili, kwa sababu ya pesa. Huku tukitafuta dola 900.

Tena kuna bidii inayodhuru. Katika jaribio kubwa la watu 2,104, lililotolewa mwaka 2015, wale waliosimamishwa mara nyingi na mapema mno, ndani ya saa 24 za kwanza, walikuwa na hali mbaya kidogo kuliko walioanza taratibu. Kwa hiyo siku za kwanza, dada zangu, ni za mganga kuamua. Msimwinue mtu kitandani kwa sababu mlisoma makala yangu.

Siku ya nne tulikutana, sisi watoto wote, na kine tulimwalika. Kijana alileta sanduku. Kine aliligeuza, akasoma maandishi ya nyuma kwa miwani yake iliyofungwa uzi, akasema: “Hii ni mashine ya kusisimua misuli. Inawekwa mgongoni au mguuni kwa maumivu. Ni kitu kizuri, lakini si cha kichwa. Hapa wameandika kwamba isiwekwe kichwani.” Kijana alisema kine anamwonea wivu wa kazi. Yaya alinyamaza muda mrefu. Kisha alimrudishia kijana sanduku lake kwa heshima, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikuwa na machozi, akasema: “Basi hakuna kitu kingine cha kumfanyia?”

Kilikuwepo. Kiwanja hakikuuzwa. Tulikubaliana kila mtoto atoe dola 15 kwa mwezi: kwa kine mara mbili kwa juma, kwa toleka yake, na kwa dawa za tansiyo, ambazo zinanunuliwa kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Wamama watatu wa kartye yetu, wawili kati yao wasomaji wa gazeti hili, walichukua kila mmoja asubuhi zake za kutembea na mama. Binti ya dada yangu alirudi shuleni siku ya jumatatu iliyofuata. Mwalimu wake aliniuliza alikuwa wapi muda wote ule. Nilimwambia ukweli, na haukuwa mtamu kuusema mbele ya mwenzangu wa kazi.

Kine alimtoa mama ndani ya fito. Alimtembeza juu ya mchanga, kwenye mteremko mdogo wa njia ya maji, akizunguka kigoda, akibeba kikombe katika mkono mzima, akihesabu kwa sauti kurudi nyuma. Mama alikasirika tena, na hiyo ilikuwa dalili nzuri. Alianguka mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwenye matope baada ya mvua, akapasuka mdomo, na dada yangu alitaka tuache kabisa. Katika lile jaribio la Wamarekani zaidi ya nusu ya watu walianguka angalau mara moja. Nilimwonyesha kwenye simu. Hakutulia kwa sababu ya takwimu. Alitulia siku kine alipomfundisha mama namna ya kuinuka kutoka chini mwenyewe, kwa kupiga magoti na kushika kiti.

Sitawaambia kwamba mama amepona. Mkono wa kuume bado haufanyi kazi kubwa, unashikilia tu kitambaa wakati mkono mwingine unakunja. Mguu unachora nusu duara unapopita. Anatembea na fimbo, na jioni anachoka kama mtu aliyetoka shambani. Hakaangi mikate tena; anakaa karibu na dada yangu anayeikaanga, anamwambia mafuta hayajapata moto. Kama siku moja hospitali ya mji huu italeta mashine ya kweli, na daktari anayejua mguu unakaa wapi kichwani, na kine atakayemtembeza palepale, nitampeleka mama wa kwanza. Kununua sanduku la mtu anayepita mlangoni, hapana. Wala kuunganisha betri nyumbani, kwa sababu nimesikia kuna wanaojaribu.

Mama wa Kabondo, usiuze kiwanja. Mtafute kine kwanza. Mume wako amepooza kushoto, na kine atakuambia kwamba wa kushoto wakati mwingine wanausahau upande wao wenyewe, wanagonga mlango kwa bega bila kuuona, kwa hiyo mtembeze ukiwa upande huo. Njoo jumamosi Mangobo kwa mama yangu, uzitazame fito. Kaka yangu atakukatia mianzi, utamlipa nauli tu.

Lakini usije mapema sana, hutamkuta. Juzi namba ya ukutani ilikuwa 640. Alivuka barabara mpaka kwa jirani anayeuza makala, akaketi kwenye benchi lake, akakataa kurudi. Tulipomfuata alisema hatarudi mpaka mtu amletee chai huko huko.